Skrini ya Mtu Mmoja

Skrini ya zamani ilikufa katikati ya mechi. Ilitoa mlio mwembamba, picha ikajikunja ikawa mstari, mstari ukawa nukta, nukta ikazimika. Nilichomoa nyaya, nikazirudisha. Nikachomoa tena. Niliendelea hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilijua nikiacha itanibidi niseme kwa mdomo wangu kwamba imekufa.

"Patro, acha kuifanyia masaji," akasema mmoja aliyekaa chini kwenye mkeka; patro kwao ni bosi, mwenye chumba. "Ile ni maiti."

Walicheka, wakasubiri kidogo kwa heshima, kisha wakatoka mmoja mmoja. Nilibaki na kompyuta inayonguruma bila uso.

Kilikuwa chumba kidogo hapa Baraka, upande wa nyuma wa soko: kompyuta moja ya okazyo, iliyokwisha kutumiwa na wengine, maneti mbili za kushika mkononi za kuchezea mpira wa kwenye kompyuta, plake za jua juu ya bati na batri kubwa kwenye kona. Viti vilikuwa viwili tu, virefu, mbele ya meza ndefu kwenda juu ambayo zamani ilikuwa kaunta ya duka. Sheria ya chumba sikuitunga mimi; wachezaji walikuja nayo kutoka kwenye mpira wao wa barabarani. Anayeshinda anabaki kitini. Anayeshindwa anashuka mkekani, na anayefuata anapanda. Aliyeshuka haendi nyumbani. Anakaa chini karibu na miguu ya meza, anamtazama aliyemfunga akicheza na wengine, anamtania, anamtafutia udhaifu, mpaka anajishawishi kwamba safari hii atamweza. Hapo ndipo anapolipa tena. Chumba chote kiliishi kwa hasira ya watu waliokaa chini, lakini wakati huo sikulijua hilo. Nilidhani kinaishi kwa sababu ya mashine yangu.

Chumba chenyewe ni cha dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya. Ananunua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Baraka, zikikauka anazipeleka Uvira kwa gari, kisha anarudi na sabuni, chumvi na chochote alichoagizwa na watu. Chumba cha mbele kilikuwa ghala lake. Nilipomwomba kiwe chumba cha michezo, aliyahamishia magunia chumbani kwake, akayapanga mpaka dirishani, akawa analala nayo. Nguo zake za Jumapili zilianza kunuka samaki, na wenzake wa kwaya wakaanza kumwachia nafasi kubwa kuliko kawaida kwenye benchi. Hakulalamika. Alisema tu, "Mudogo, kama kitu yako inasimama, mi nitazoea."

Sasa kitu changu kilikuwa kimelala. Alinipa siku chache za kuomboleza, halafu akaja akasimama mlangoni na kutazama mkeka mtupu.

"Batoto bataachwa na masomo mwisho wa mwaka ya shule," akasema. "Vakansi ikifika na hii chumba iko tupu, ndagala inarudia fasi yake. Sina hasira na we. Ni panya njo banaingia kwangu."

Nilimwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa zaidi ya alivyodhani. Nilikuwa nimeshajaribu kutengeneza simu, nikaacha kwa sababu skrubu moja ilikuwa inabaki kila mara. Nilijaribu gitaa la kanisani, nikaacha siku niliyojisikia kwenye rekodi. Nilijaribu kupiga picha za pasipoti, nikaacha kwa sababu ukuta wangu mweupe haukuwa mweupe wa kutosha. Mambo niliyojifundisha mwenyewe ni mengi, na yote niliyaacha pale nilipogundua kwamba siyafanyi kikamilifu. Chumba hiki ndicho kitu pekee ambacho mtu angeweza kukionyesha kidole na kusema ni changu. Yaya alikuwa na fedha za skrini, na aliniachia mimi kuchagua. "We njo unajua," alisema, yaani mimi ndiye mjuzi.

Mtu mwingine angenunua skrini. Mimi nilianza kusoma.

Mtandao wetu ni wa kuvizia. Nilipanda asubuhi sehemu ya juu ambako simu inashika vizuri, nikahifadhi kurasa nyingi za Kifaransa juu ya namna ya kuchagua skrini ya michezo, nikashuka nazo nyumbani kuzisoma pole pole. Nilijifunza kwamba kuna hertzi, yaani skrini inachora picha upya mara ngapi kwa sekunde moja, na kwamba sitini ni za watu wa ofisini. Mchezaji wa kweli anahitaji mia moja arobaini na nne. Nilijifunza milisekunde, muda ambao nukta moja ya picha inachukua kubadilika rangi. Nilitazama video za watu waliolinganisha ubora wa skrini mbili, mimi nikiwa naangalia kwenye simu iliyopasuka kioo, na video nimeishusha mpaka ukungu ili isinimalizie megabaiti. Niliona ukungu ukilinganishwa na ukungu mwingine, na bado nikachagua upande.

Kila nilipomaliza kuamua, nilisoma maoni ya mtu mmoja aliyejuta, na uamuzi wote ulianguka. Nilianza kumwogopa huyo mtu aliyejuta kana kwamba anakaa Baraka na ataingia chumbani kwangu kunicheka. Kuna wiki nzima nilikuwa nimeshikilia skrini iliyopinda. Kuna wiki nyingine niliichukia skrini iliyopinda kama mtu aliyewahi kunidanganya. Kila nilipoingia kwenye chumba kitupu nilijiambia kwamba sijachelewa, kwamba najiandaa.

Na niseme jambo ambalo lingenitia aibu wakati ule kama kungekuwa na mtu wa kuliona. Kompyuta yangu haikuweza kutoa hata nusu ya hizo picha mia moja arobaini na nne. Nililijua hilo vizuri. Nilikuwa natafuta barabara ya lami kwa ajili ya baiskeli isiyo na mnyororo. Lakini nilijiambia kwamba siku moja nitapata kompyuta nyingine, na siku hiyo skrini itakuwa inaisubiri.

Jambo moja lilinipa kiburi. Kurasa zote ziliandikwa na watu wenye umeme ukutani, na mimi nilizirekebisha kwa ajili yetu. Nilitafuta skrini inayotumia volti kumi na mbili, ambayo unaifunga moja kwa moja kwenye batri bila kupitia konvertisera ya kugeuza umeme, inayokula nguvu bure. Nilikokotoa wati zake na jua la siku za mvua. Nilijiona mtu ambaye hadanganywi na vitabu vya wengine, anayejua kuchukua elimu ya mbali na kuikata ifae mwili wake. Nilikuwa nimefikiria kila kitu cha hapa: jua, vumbi, unyevu wa ziwa, barabara.

Upande wa vioo nilisoma haraka. Kulikuwa na kioo cha haraka sana ambacho ukikitazama kutoka pembeni au chini rangi zake zinaharibika, na kioo cha pole ambacho kinaonekana sawa kutoka kila upande. Ukurasa mmoja ulieleza kwamba ubaya wa kioo cha haraka si wa kumhangaisha mchezaji, maana mchezaji hukaa mbele ya skrini yake. Nikaona ni kweli. Nikachagua cha haraka.

Yaya alikwenda Uvira na mzigo wake, na siku aliyoingia dukani nilikuwa nimekaa na simu mkononi tangu alfajiri. Nilikuwa nimemtumia ujumbe wa sauti wenye maelezo, halafu mwingine wa kusahihisha ule wa kwanza, halafu mwingine wa kusema asisikilize ule wa pili. Mwishowe alinipigia, akampa muuzaji simu.

"Alo, muntu wa Baraka," akasema muuzaji. "Dada yako amesimama hapa toka asubui, bateja bengine banapita juu yake. Unanunua ekra ao unanipitisha egzame?"

"Samahani, patro. Angalia nyuma, kuna karatasi ndogo. Imeandikwa milisekunde ngapi?"

"Imeandikwa usiloweshe na maji."

"Chini ya hapo."

Nikasikia boksi linageuzwa. Alisoma herufi na namba moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wafu. Zilikuwa zenyewe. Volti zenyewe, hertzi zenyewe, kioo chenyewe cha haraka. Nilipaswa kufurahi.

"Njo hiyo?" akauliza.

"Hakuna yenye hertzi zaidi kidogo?"

Nikamsikia akimwambia yaya, bila kuficha mdomo, "Mama, huyu mudogo yako akitafuta bibi, mutakufa bote na harusi haijafika."

Yaya akachukua simu. "Ninailipa," akasema, akakata.

Alirudi mvua ikinyesha. Gari lilikuwa limezama kwenye tope karibu na Nundu, abiria wote wakashuka kulisukuma, isipokuwa yeye. Alisimama pembeni na boksi kifuani, amelifunga kwa kikwembe, kitenge chake kizuri, na yeye mwenyewe ameloa mpaka mifupa. Safari iliyobaki alilipakata magotini kwa sababu hakumwamini dereva na vitu vya nyuma. Alishuka sokoni, akapita mtaa mzima akiwa amelibeba, na kila mtu akamwona. Mlangoni akaninyooshea.

"Shika mutoto wako," akasema. "Batoto benye miguu hawanisumbuake hivi."

Niliifungua siku hiyo hiyo. Nilikaa mbele yake, kitini, na nitasema ukweli: ilikuwa nzuri. Majani ya uwanja yalikuwa majani. Mpira ulipokwenda, ulikwenda, haukujikokota. Nilicheza peke yangu mpaka batri ikaanza kulalamika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sikuwa na neno la kusahihisha.

Siku ya kufungua, chumba kilijaa mpaka mlangoni. Walipokezana, wakapiga kelele, wakasema patro ameua. Siku ya pili walikuja nusu. Siku zilizofuata niliona jambo ambalo sikulielewa. Mtu anakuja, anacheza, anafungwa, anashuka mkekani. Anatazama juu, anafinya macho kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Halafu anainuka, anajipangusa suruali.

"Unaenda wapi?" namuuliza.

"Kukunywa maji, patro. Narudi."

Hakuna aliyerudi kutoka kwenye hayo maji. Mmoja aliniambia ana homa. Mwingine akasema mama yake anamwita, na mama yake ninajua alikuwa Lubondja shambani. Nilijua wananidanganya ila sikujua juu ya nini. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini hawakusema. Mtaa mzima ulikuwa umemwona yaya akipita mvuani na lile boksi. Kwetu kitu ambacho mtu amekubebea kwa taabu namna hiyo hakisemwi vibaya. Ukipewa, unasema aksanti, na ukiwa mgeni wa aliyepewa, unasema aksanti mara mbili halafu unaenda kunywa maji.

Mimi nilianza kupekua mipangilio. Niliongeza mwanga, nikapunguza. Nilihakikisha hertzi zote zimewashwa, nikahesabu kwamba kompyuta haizifikii, nikajilaumu. Nilibadilisha waya. Nilisafisha kioo kwa pombe ya hospitali na kitambaa cha miwani ambacho ni cha mwalimu wetu mmoja. Nilisogeza meza, nikaziba dirisha na gunia, nikaliondoa. Sikuacha kitu bila kukigusa, isipokuwa sikuwahi kukaa chini. Nilikuwa sifungwi, na patro asiyefungwa hana kazi mkekani.

Aliyekaa ni yaya. Ilikuwa mchana wa joto, amerudi kutoka ufukweni na beseni la ndagala za kuchambua, akaona ubaridi wa chumba na mkeka mtupu, akaketi. Vijana wawili walikuwa wanacheza vitini. Alichambua, akatupa takataka pembeni, akainua macho mara moja, akaendelea. Akainua tena.

"Hawa banacheza nini?"

"Mpira, yaya."

"Mpira gani wenye kucheziwa mu giza?"

"Aiko giza. Ni ya mbio sana ile ekra, inachora..."

"Kuya ikala hapa."

Nilikaa. Uwanja ulikuwa mweusi. Wachezaji wenye jezi nyeupe walikuwa wamegeuka vivuli, na wenye jezi nyeusi waling'aa kama mifupa kwenye picha ya radio, ile eksirei ya hospitali. Nikasimama, majani yakarudi, jezi zikarudi. Nikakaa, yakafa. Nikasimama tena. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Wale wawili waliacha kucheza wakanigeukia.

"Patro anafanya sport," akasema mmoja.

"Batu ba hapa chini," nikauliza, "balikuwa banaona nini siku zote hizi?"

"Balikuwa banaona akili yako, patro," akajibu, akarudi kwenye mechi yake.

Yaya hakucheka. Alikuwa anaondoa mchanga kwenye ndagala moja kwa ukucha, pole pole. Kisha akauliza swali, na ninaamini aliuliza kwa kutaka kujua tu, bila ubaya wowote: "Kule kwenye ulikuwa unasoma, balisema nini juu ya batu benye kuikala chini?"

Hawakusema kitu. Wangesemaje? Kila ukurasa niliousoma ulikuwa na mtu mmoja, kwenye kiti chake, mbele ya skrini yake, mlango umefungwa. Nilisoma juu ya huyo mtu kwa miezi, nikamjua kuliko majirani zangu, nikamnunulia skrini. Umeme wake niliubadilisha, kiti chake nikakiacha. Nilikasirika, na sikupata mtu wa kumkasirikia, kwa hiyo nikaikasirikia meza, nikasema ni ndefu mno.

Kesho yake nilikuja na suluhisho. Nilikuwa nimesoma kwamba kioo cha namna ile kina upande mmoja mbaya sana, ule wa chini, na ule wa juu una nafuu. Basi nikaipindua skrini, kichwa chini, mguu wake ukaelekea bati. Niliifunga kwenye fremu ya mbao kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikaiambia kompyuta nayo ipindue picha ili wachezaji wasitembee kwa vichwa. Nikashuka mkekani kutazama. Rangi zilikuwa zimepauka kama kitambaa kilichofuliwa sana, lakini zilikuwepo. Uwanja ulikuwepo. Nilihisi karibu furaha.

Jioni wakaja watu wazima wa pikipiki, ambao hawakai mkekani wala vitini. Wao husimama nyuma, mikono kifuani, na kutoa maoni. Walitazama kidogo.

"Patro," akasema mmoja wao, "giza umeitoa kwa batoto, umeipatia bakubwa."

"Na juu ya nini ekra yenyewe imetundikwa kama popo?" akauliza mwingine.

Niliinua fremu, nikailaza mbele, nikailaza nyuma, nikaweka vitabu vya shule chini ya kona moja. Kila nilipowapa hawa mwanga niliwanyang'anya wale. Mwishowe mpira mmoja ulikatika, fremu ikainama, na nikaidaka skrini kwa kifua. Nilibaki nimeikumbatia, watu wananitazama, na nilitamani waondoke wote ili niwe na haki ya kulia. Waliondoka kweli, na sikulia. Nilipekua mipangilio.

Shule zilikuwa kwenye mitihani ya mwisho. Yaya alikuwa anafunga mzigo wa kwenda Uvira, na magunia matupu aliyakunja akayaweka mlangoni mwa chumba changu, labda bila maana yoyote, lakini mimi niliona maana.

"Ninaipeleka ile kitu," akasema. "Abadilishe."

"Hatakubali. Duka hazibadilishake."

"Atakubali. Namubebea ndagala za muzuri, zile zenye mi mwenyewe nimechambua. Bibi yake ni mutu wa Kazimia, anajua ndagala." Alifunga fundo kwa meno. "Ila unanipa neno moja. Si vokale, zile meseji zako za sauti. Neno moja, nimwambie, anipe, nirudi."

"Basi mwambie, kwanza volti..."

Akainua mkono. "Volti najua. Tangu mwaka jana unaniimbia volti. Neno lingine."

Nilibeba boksi mpaka kwenye kituo cha magari, na njia nzima nilikuwa natafuta neno. Hakuna aliyewahi kuniambia nichague hivyo. Kichwani mwangu kila sifa ilikuwa imeshikana na nyingine; ukitoa moja zinaanguka zote, kama samaki waliotungwa kwenye ukindu. Hertzi nilizipenda. Milisekunde nilizipenda. Nilikuwa nimekaa mbele ya ile skrini siku ya kwanza, nikajua kitu kinavyokuwa kikiwa hakina kasoro, na sasa nilitakiwa kukirudisha kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu kasoro ilikuwa ni sisi.

Dereva akawasha gari. Yaya akapanda, akapokea boksi, akanitazama kupitia dirishani.

"Yenye kuonekana toka chini," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

"Na ile mambo yako ya mbio?"

Gari likaanza kusogea, na bado nilikuwa na nafasi ya kusema kitu, hata sentensi nusu. "Acha ile," nikasema.

Aliporudi alinisimulia akiwa bado hajavua viatu. Muuzaji alipokea ndagala, akanusa, akasema atabadilisha lakini mama achague haraka. Yaya akamwambia awashe skrini zote zenye volti zetu. Zikawashwa. Kisha akatandika kikwembe, akaketi sakafuni katikati ya duka.

"Mama, umeanguka?" muuzaji akamuuliza.

"Nanunua."

"Batu bananunuaka bamesimama."

"Bateja ba mudogo yangu banaikalaka chini."

Wateja walicheka, na msichana mmoja wa dukani akadhani ni mgonjwa akamletea maji. Yeye akajisogeza kwa makalio kutoka skrini hadi skrini, akainamisha kichwa huku na huku, akamwamuru mtu mmoja mrefu asimame nyuma yake aseme na yeye anaona nini. Walipokubaliana, yeye chini na yule mrefu juu, akaonyesha kidole. "Sikuuliza hata jina yake," akaniambia. Alikuwa amefurahi. Sijamwona mara nyingi akifurahi namna hiyo juu ya kitu kisicho samaki.

Ilikuwa skrini ya kawaida kabisa. Sitini, za watu wa ofisini. Ukikaa, unaona. Ukisimama mlangoni, unaona. Kutoka kwenye dirisha la nje, ambako wasio na kitu huchungulia, unaona. Shule zilifungwa, na kwa siku chache tu mkeka ulijaa mpaka nikaongeza mwingine. Walioshuka walibaki, wakatukanana, wakapanda tena. Magunia ya mzigo mpya yalipokuja, yaya aliyapitisha mbele ya mlango wangu bila kuuliza, akayaingiza chumbani kwake.

Kwa hiyo chumba kiko. Ningependa kusema nimeridhika. Ile skrini inachelewa. Ninabonyeza, na mchezaji anapiga mpira baada ya mimi kuwa nimeshakata tamaa naye. Sio muda mrefu, ni chembe, lakini mimi niliyewahi kukaa mbele ya ile nyingine ninaijua chembe hiyo kama jiwe ndani ya kiatu. Nimetafuta kwenye menyu yake yote, kuna kipengele cha picha za sinema na kipengele cha kusomea, cha michezo hakuna. Wengine hawaoni. Wanabonyeza mapema, mikono yao imejirekebisha yenyewe, na mimi mikono yangu inakataa kujirekebisha kwa kosa.

Nimeanza kufungwa. Wiki iliyopita alinifunga kijana ambaye zamani nilikuwa nacheza naye huku nikijibu simu, na chumba kizima kikaimba, "Patro ashuke, patro ashuke." Nikashuka. Nikawaambia kutoka mkekani kwamba ekra inachelewa.

"Kila mwenye kushuka anasema ni ekra," akasema aliyenifunga.

"Nitawaonyesha."

Niliinuka, nikasimama karibu na meza na simu, nikarekodi kidole chake kwenye maneti na picha ya kwenye skrini kwa pamoja, ili ionekane kipi kinatangulia. Nilikuwa nimeinama katikati kabisa.

"Patro, toka mbele," wakasema wa mkekani. "Unatuziba."

Nikasogea ukutani. Kwenye simu ilionekana wazi: kidole kimeshabonyeza, na mchezaji bado amesimama. Niliirudisha nyuma, nikaitazama tena, nikatafuta wa kumwonyesha. Wote walikuwa wanatazama mpira.